Mapumziko ya Oktoba visiwani Outer Hebrides: feri kwanza, nyumba baadaye

Outer Hebrides ni mlolongo wa visiwa wenye urefu wa takriban kilomita 200, magharibi mwa Uskoti. Wakazi wote hawafiki 30,000, na wengi wako Lewis, karibu na mji wa Stornoway. Upande wa magharibi umejaa fukwe za mchanga mweupe wa makombe yaliyosagika, na siku ya jua rangi ya maji inaweza kumdanganya hata mtu wa Nungwi au Watamu. Kufanana kunaishia kwenye rangi. Mwezi wa Oktoba bahari ina nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, hewa ya mchana ni hivyo hivyo au pungufu kidogo, na upepo unaweza kuvuma siku tatu mfululizo.

Hata hivyo Oktoba ina faida zake. Usubi unaowatesa watu Julai na Agosti umekwisha. Bei za nyumba zimeshuka. Usiku ni mrefu vya kutosha kuona mwangaza wa kaskazini anga likiwa safi. Ufuo wa kilomita tatu unaweza kuwa wako peke yako asubuhi nzima. Usitafute rangi za majani yanayopukutika, maana miti ya kupukutisha majani huko ni ya kuhesabu. Na anayetaka maua ya nyanda za pwani aende Juni.

Safari nyingi huharibikia kwenye mpangilio. Mtu analipia nyumba nzuri, kisha anakuta feri haina nafasi ya gari. Au anafika Jumamosi usiku bila chakula, na kesho yake maduka yamefungwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, na unamlenga hasa mtu anayeishi Uingereza au aliyekuja kutembelea ndugu huko. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda ahakikishe kwanza viza ya mgeni. Uskoti haina viza yake ya pekee.

1. Chagua kisiwa kimoja

Lewis na Harris ni nchi kavu moja yenye majina mawili. Fukwe zinazotajwa sana ziko Harris magharibi: Luskentyre, Seilebost, Horgabost na Scarista, zote kwenye au karibu na barabara inayotoka Tarbert kwenda Leverburgh. Upande wa mashariki wa Harris, unaoitwa Bays, ni mwamba mtupu na vijighuba. Nyumba zake ni nafuu na zimejikinga na upepo, lakini mchanga utaufuata kwa gari.

Kusini zaidi kuna Berneray, North Uist, Benbecula, South Uist na Eriskay, zilizounganishwa kwa barabara zilizojengwa juu ya matuta baharini. Tuta la Berneray lilifunguliwa 1999, la Eriskay 2001. Pwani ya magharibi ya South Uist ni mchanga karibu mfululizo kwa kilomita 30 hivi. Kisha Barra, kisiwa kidogo ambacho barabara yake kuu inakizunguka ndani ya nusu saa, na Vatersay iliyoungwa nacho tangu 1991.

Kwa wiki moja ya Oktoba, kaa kisiwa kimoja, au kundi moja lililounganishwa kwa barabara. Watu hupenda kupanga siku mbili Harris, mbili Uist, mbili Barra; kiangazi inawezekana, lakini vuli kila mvuko wa ziada ni nafasi nyingine ya kukwama. Feri ndogo ya Leverburgh kwenda Berneray, kwa mfano, hupita kwa kuzungukazunguka kati ya miamba na mafungu ya mchanga, kwa hiyo upepo na maji yote mawili yana kauli juu yake.

Kama hii ni mara yako ya kwanza, nenda Harris. Ukitaka utulivu zaidi na Jumapili isiyo na makatazo mengi, nenda South Uist au Barra, ambako wengi ni Wakatoliki.

2. Kata tiketi ya feri

Feri zote kubwa zinaendeshwa na Caledonian MacBrayne, CalMac kwa kifupi. Njia za kujua ni hizi:

- Ullapool kwenda Stornoway: kama saa 2 na dakika 45.
- Uig, kisiwani Skye, kwenda Tarbert: kama saa 1 na dakika 40.
- Uig kwenda Lochmaddy, North Uist: kama saa 1 na dakika 45.
- Mallaig kwenda Lochboisdale, South Uist: kama saa 3 na nusu.
- Oban kwenda Castlebay, Barra: karibu saa 5.

Skye ina daraja, kwa hiyo Uig unafika kwa gari. Kutoka Glasgow hesabu saa 6 za barabara hadi Uig bila mapumziko marefu, saa 5 hadi Ullapool, na saa 2 na nusu hadi Oban. Ukiwa na watoto, lala njiani. Kukimbizana na feri kwenye barabara za milimani gizani ni jambo la kuepuka kabisa.

Kabla ya kulipa, angalia mambo manne.

Kwanza, ratiba ya kiangazi huisha ndani ya Oktoba na ya majira ya baridi huanza. Safari yako ikigusa tarehe hiyo, unaweza kwenda kwa ratiba moja na kurudi kwa nyingine. Angalia zote mbili.

Pili, shule za Uskoti hufunga katikati ya Oktoba, na za England kwa kawaida wiki ya mwisho ya mwezi. Nafasi za magari huisha mapema wiki hizo. Abiria wa miguu hupata nafasi karibu siku zote. Tatizo ni gari.

Tatu, andika urefu na kimo halisi cha gari, pamoja na sanduku la juu ya paa na kibebea baiskeli. Sitaha ya magari inapangwa kwa mita, na gari lililozidi vipimo linaweza kubaki gatini.

Nne, kama gari ni la kukodi, uliza kama mkataba unaruhusu kulipandisha feri. Mgeni anaweza kuendesha kwa leseni ya Kenya au Tanzania hadi miezi 12, ila kampuni ya magari inaweza kuwa na masharti yake. Uendeshaji ni wa kushoto kama nyumbani.

Rudi kwa feri ya mchana, siku moja kamili kabla ya siku ambayo lazima uwe kazini. Hii siku moja ya akiba ndiyo bima ya kweli. Feri ikiahirishwa kwa sababu ya dhoruba, kampuni hukuhamishia safari nyingine au kukurudishia nauli, lakini usitegemee ilipie hoteli au mshahara uliokatwa. Bima ya safari inayotaja kuchelewa kwa usafiri na kukosa malazi ni ya kununua siku ile ile unapokata tiketi, si baada ya dhoruba kutangazwa.

Ndege zipo pia, kwenda Stornoway, Benbecula na Barra. Ile ya Barra hutua juu ya mchanga wa ufuo wa Tràigh Mhòr, na ratiba yake hufuata maji kujaa na kupwa. Ukiwa Barra na ukaona soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea) imepandishwa, ondoka kwenye ufuo huo: uwanja uko kazini.

3. Sasa kodi nyumba

Fanya hivi siku hiyo hiyo uliyopata feri. Wengi huanza na nyumba kwa sababu picha zinavutia, lakini nyumba zinazobaki Oktoba ni nyingi kuliko nafasi za magari. Siku ya kubadilishana wageni kwa kawaida ni Jumamosi. Vuli wenye nyumba wengi hukubali siku nyingine ukiuliza kwa adabu, na Jumatatu au Jumanne mara nyingi ni bora kwa sababu utakayoiona kwenye hatua ya Jumapili.

Katika tangazo tafuta namba ya leseni. Uskoti ilianzisha leseni za nyumba za kupangisha kwa muda mfupi mwaka 2022, na tangazo halali huonyesha namba hiyo pamoja na daraja la matumizi ya nishati. Nyumba isiyo na namba haijulikani imekaguliwa na nani kuhusu moto, gesi, umeme na maji.

Kisha muulize mwenye nyumba maswali haya, kwa maandishi:

Joto linatoka wapi, na je, limo kwenye bei? Nyumba ya mawe yenye hita za umeme za kuhifadhi joto usiku huwa baridi jioni, wakati unapolihitaji joto zaidi. Boila ya mafuta na jiko la chuma sebuleni ndiyo mchanganyiko mzuri. Uliza wanaacha kuni, makaa ya mawe au peat (udongo wa kinamasi uliokaushwa) kiasi gani, na kapu la ziada linapatikana wapi.

Mlango mkuu unatazama wapi? Pepo kali za vuli hutoka zaidi kusini-magharibi na magharibi. Nyumba yenye mlango wa magharibi bila ukumbi wa kuingilia itakuletea mvua hadi kwenye zulia kila mtu anapoingia.

Kuna mashine ya kukausha nguo, au angalau chumba chenye joto cha kuanika? Hili ni muhimu kuliko televisheni. Familia ya watu wanne hurudi na jozi nne za suruali zilizolowa kila siku.

Mtandao wa simu unashika? Mabonde mengi ya Harris hayana kabisa, na intaneti ya nyumba hukatika umeme ukikatika.

4. Jumapili: panga kabla hujafika

Lewis na Harris zina Wapresbiteri wengi wanaoshika Jumapili kwa uzito. Feri ya Jumapili kati ya Stornoway na Ullapool ilianza Julai 2009 tu, baada ya mabishano makali. Supamaketi ya Tesco ya Stornoway ilianza kufungua Jumapili Novemba 2024, lakini ukiwa umepanga Scarista hiyo ni zaidi ya saa moja kwenda na nyingine kurudi. Chukulia kwamba Jumapili Harris hakuna duka, hakuna mafuta ya gari na hakuna mgahawa.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi jioni: jaza tangi, nunua mkate na maziwa ya siku mbili, na kama utakula nje, uliza nani anafungua. Kutembea ufukweni hakukatazwi. Kuanika nguo nje au kukata nyasi siku hiyo ndiko kunakochukiza majirani. Wewe ni mgeni wa wiki moja, vumilia.

Nunua mboga, dawa na vitu vizito bara, Inverness au Fort William, kisha bidhaa za kila siku nunua kwenye maduka ya kijiji, ambayo hufa yasipopata wateja. Unga wa ugali, mchele mzuri na viungo beba kutoka nyumbani. Nyama ya halali inunue Glasgow, igandishe, uibebe kwenye sanduku la barafu: kilo 4 zilizoganda vizuri, zikijaza sanduku pasipo nafasi tupu, hufika hadi jioni bila shida. Stornoway ina msikiti uliofunguliwa 2018. Jamii ndogo ya Waislamu wenye asili ya Pakistani imeishi mjini humo kwa miongo mingi. Kibla kutoka huko ni kusini-mashariki, takriban nyuzi 118 kwenye dira. Wasiokula nguruwe wachunge soseji nyeusi ya Stornoway inayoletwa na kifungua kinywa: ni ya damu, na damu hiyo inaweza kuwa ya nguruwe. Samaki ndiyo raha ya huko: kaa, kamba na salmoni aliyekaushwa kwa moshi.

5. Siku ya kuvuka

Usiku uliotangulia na tena asubuhi, angalia hali ya njia yako kwenye tovuti ya CalMac. Utabiri ukionyesha upepo wa kusini-magharibi wa maili 50 kwa saa au zaidi, usiondoke mjini bila kusoma taarifa hiyo. Mara nyingine hukupa nafasi ya kuhamia feri ya mapema zaidi kabla dhoruba haijafika. Anayepiga simu asubuhi ndiye huipata.

Fika gatini saa moja kabla. Muda wa mwisho wa kuripoti umeandikwa kwenye tiketi, na ukiupita nafasi yako hupewa anayesubiri. Mitungi ya gesi uitaje. Ukishaegesha: breki ya mkono, gari kwenye gia, kengele ya wizi izimwe, kwa sababu mtikisiko wa meli huiwasha na betri hufika imekufa. Hutaruhusiwa kurudi kwenye gari safarini, kwa hiyo panda na koti, dawa na chakula cha mtoto.

Anayeugua bahari ameze dawa mapema. Vidonge vya hyoscine humezwa nusu saa kabla, vya cinnarizine saa mbili kabla. Ukisubiri hadi tumbo lianze kupinduka umechelewa. Dawa hizi hulevya usingizi, na dereva bado ana barabara nyembamba mbele yake, kwa hiyo asome karatasi ya dawa au aziache. Kaa katikati ya meli, sitaha ya chini inayoruhusiwa, ukitazama upeo wa macho.

6. Barabara za upana wa gari moja

Barabara nyingi zina upana wa gari moja, zenye sehemu za kupishana zilizowekewa alama. Sehemu ikiwa kushoto kwako, ingia humo. Ikiwa kulia, usivuke: simama barabarani usawa wake, mwenzako ataizunguka. Ukiona gari nyuma yako lina haraka, ingia sehemu hiyo ulipishe. Huenda ni nesi au dereva wa basi la shule. Usiegeshe hapo kamwe, hata kupiga picha moja. Kondoo hulala juu ya lami usiku kwa sababu ina joto.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni milango ya gari. Upepo wa maili 50 ukikamata mlango kutoka nyuma, huukunja bawaba, na bili ya gari la kukodi hufuata. Egesha pua ikitazama upepo. Fungua mlango mmoja mmoja, ukiushika kwa mikono miwili. Watoto wafunguliwe na mtu mzima.

7. Kuwasha jiko la chuma

Peat ni udongo wa kinamasi uliokatwa kama matofali na kukaushwa. Unawaka taratibu, una harufu yake ya pekee, na hautoi moto mkali kama makaa ya mawe. Ukitaka chumba kipate joto haraka, anza na kuni.

Ondoa majivu chini ya wavu ili hewa ipite. Fungua matundu yote mawili ya hewa, la chini na la juu, na kama bomba la moshi lina kifuniko ndani, kifungue. Weka vipande viwili vya kuwashia moto, juu yake vijiti vikavu 8 hadi 10 vilivyopishana. Washa, kisha acha mlango wazi kama upana wa kidole kwa dakika tano. Vijiti vikishika, simamisha vipande viwili vya peat vikiegemeana, ufunge mlango. Baada ya dakika 20 punguza tundu la chini hadi nusu.

Moshi ukirudi chumbani, sababu kwa kawaida ni bomba baridi: hewa nzito iliyojaa ndani yake inashuka. Zima ulichowasha, fungua dirisha, kisha choma karatasi moja ya gazeti iliyokunjwa karibu na mdomo wa bomba ili kuipasha hewa joto, ndipo uanze upya. Upepo wa dhoruba nao husukuma moshi chini hata bomba likiwa moto. Siku hiyo tumia hita.

Usifunge matundu yote wakati kaa bado linang'aa ili "kutunza moto hadi asubuhi". Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Siku ya kwanza bonyeza kitufe cha kengele ya gesi hiyo na cha kengele ya moshi. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, ulizeni baadaye. Majivu yatolewe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko na kukaa nje juu ya mawe kwa siku nzima kabla ya kutupwa, kwa kuwa kaa lililofukiwa ndani yake hudumu muda mrefu.

Maji ya bomba yakiwa na rangi ya chai nyepesi ni peat hiyo hiyo. Yakitibiwa ni salama. Kama nyumba inatumia chemchemi yake binafsi, soma karatasi ya vipimo au yachemshe. Choo huingia kwenye shimo la maji taka, kwa hiyo usitupe humo chochote zaidi ya karatasi ya chooni. Umeme ukikatika, piga 105.

8. Ufukweni: soma maji

Aliyelelewa pwani ya Mombasa au Unguja anajua kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu. Kanuni ni zile zile, ila hapa zinakutana na baridi na giza. Bamvua za Septemba na Oktoba ndizo kubwa za mwaka pamoja na zile za Machi, kwa sababu jua liko karibu na ikweta. Kwenye visiwa hivi tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 4.

Chukua jedwali la maji la bandari iliyo karibu na nyumba yako. Angalia limeandikwa kwa saa gani. Majedwali mengine hutumia saa ya Greenwich mwaka mzima, na hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa ya Uingereza iko mbele kwa saa moja. Jedwali likisema maji yatakupwa saa 7:10 mchana kwa Greenwich, saa yako ya mkononi itasoma 8:10. Kosa hili la saa moja ndilo linalowafungia watu upande wa pili wa mchanga.

Maji hayapandi kwa mwendo sawa. Gawa tofauti yote katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 4, saa ya tatu peke yake hupandisha mita nzima. Kwenye ufuo uliolala kama Luskentyre au Seilebost, mita moja ya kimo ni mamia ya mita za mchanga, na mifereji iliyo nyuma yako hujaa kabla ya mchanga uliosimama juu yake.

Chukua mfano wa Vallay, kisiwa kisicho na wakazi kaskazini mwa North Uist, chenye magofu ya jumba kubwa alilojengewa tajiri wa viwanda vya nguo Erskine Beveridge mwanzoni mwa karne ya 20. Hufikiwa kwa miguu kuvuka mchanga wa zaidi ya kilomita 2. Anza kuvuka maji yakiendelea kushuka, kama saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na uwe umegeuka kurudi wakati wa kupwa, si baada yake. Siku ya upepo mkali wa magharibi au kanieneo ndogo ya hewa, usiende: kila kanieneo inaposhuka kwa milibari 1 bahari huinuka kama sentimita 1, na upepo huongeza zaidi, hivyo maji hurudi mapema kuliko jedwali. Ukungu ukianza, geuka.

Kuogelea Oktoba ni kwa waliozoea. Hakuna walinzi wa ufukweni, na fukwe zinazotazama Atlantiki zina mikondo inayovuta kuelekea bahari kuu. Maji ya nyuzi 12 hukata pumzi kwa dakika ya kwanza. Ingia taratibu, usizidi kina cha kiuno, na usiwe peke yako. Dharura ya baharini piga 999, uombe walinzi wa pwani. Ushauri wa afya usio wa dharura ni 111. Hospitali ziko Stornoway, Benbecula na Castlebay.

Sili wa kijivu huzaa kati ya Septemba na Novemba. Mtoto wa sili mwenye manyoya meupe aliyelala peke yake kwa kawaida hajapotea. Mama yuko majini anakusubiri uondoke. Kaa mbali, mbwa afungwe kamba.

Kupe bado wapo Oktoba kwenye nyasi na magugu. Suruali ndani ya soksi, kisha jioni kagua nyuma ya magoti, kinena na nywele za watoto. Kupe ang'olewe kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, kuvutwa juu polepole, bila mafuta wala kiberiti. Kipele chekundu kinachotanuka wiki zinazofuata ni cha kumwonyesha daktari, kwani huenda ni ugonjwa wa Lyme.

9. Mwanga wa siku

Katikati ya Oktoba jua hutua Stornoway kama saa 12:20 jioni. Saa zikirudishwa nyuma mwisho wa mwezi, linatua kabla ya saa 11. Panga matembezi marefu yaanze saa 3 asubuhi, na kila mtu awe na tochi ya kichwani. Ramani za karatasi za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, Explorer 455 kwa Harris kusini na 454 kwa North Uist na Berneray, hazihitaji mtandao wala betri.

Nguo: koti na suruali ya mvua isiyopitisha maji, sweta mbili za sufu, gambuti, kofia inayobana masikio. Mwavuli uache nyumbani. Upepo utaugeuza ndani-nje siku ya kwanza.

Mwangaza wa kaskazini hutafutwa usiku usio na mwezi, mahali penye upeo wazi wa kaskazini. Kwa macho mara nyingi huonekana kama wingu jeupe linalocheza. Kamera ya simu kwenye kitu kilichotulia, ikiachwa wazi sekunde 5 hadi 10, hutoa ule ukijani.

10. Kuondoka

Siku mbili kabla, soma utabiri na taarifa za feri. Dhoruba ikitangazwa kwa siku yako, omba kuhamishwa mapema, na mwambie mwenye nyumba mapema pia: Oktoba nyumba aghalabu haina mgeni anayefuata siku hiyo hiyo, na wengi watakuuzia usiku wa ziada. Acha chakula cha siku moja bila kukigusa hadi meli iondoke gatini. Ukifika bara, pitisha gari kwenye maji ya shinikizo, hasa chini yake na ndani ya matao ya magurudumu, kwani chumvi na mchanga wa wiki nzima hula breki, na kampuni za magari ya kukodi hutoza usafi wa mchanga uliobaki ndani.